Wimbo wa Kwanza: Habari za Gitaa la Chuma



Siku moja, baada ya Misa ya Dominika, tulikuwa tumesimama nje ya kanisa hapa Bukavu pamoja na watu wa kwaya. Kijana mmoja wa Kadutu alikuwa amekuja na gitaa lake. Halikuwa gitaa la dukani. Mbao zake zilikuwa zimeunganishwa na seremala wa mtaani, na nyuzi mbili kati ya sita zilikuwa waya za breki ya baisikeli. Hata hivyo kijana yule hakulishika kama wapigaji wengine wanavyolishika. Alikaa juu ya jiwe, akalilaza gitaa juu ya magoti yake, akachukua kipande cha chuma laini kwa mkono wa kushoto, akakitelezesha polepole juu ya nyuzi. Gitaa likalia kama mtu anayeimba ng'ambo ya ziwa wakati wa jioni. Watu wote walinyamaza.

Alipomaliza akamgeukia mwalimu wa kwaya, akasema: «Mwalimu, mlio nimekwisha upata. Sasa nianze kujifunza wimbo gani?»

Hapo mabishano yakaanza. Mwalimu alijibu kwamba sharti aanze na wimbo wa kanisa. Vijana wenzake walisema hapana, aanze na wimbo wa santuri, maana huko ndiko mlio huo ulikotoka. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akisubiri mjukuu wake, alisikiliza maneno yote, kisha akasema: «Mwanangu, anza na wimbo unaoujua tangu mgongoni mwa mama yako.» Wengine walicheka. Sisi hatukucheka, na sababu yake tutaieleza mbele kidogo.

Swali la kijana yule laonekana dogo, lakini lina historia ndefu. Watu wengi wa nchi nyingi walijiuliza hivyohivyo mbele yake, na majibu yao yalibadili muziki wa mataifa yao. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuwasimulie habari za gitaa hili, kisha tutoe shauri letu.

GITAA HILI NI LA NAMNA GANI?

Gitaa la kawaida hushikwa kifuani, na vidole vya mkono wa kushoto hukandamiza nyuzi katika vigawanyo vya shingo. Kila kigawanyo kina sauti yake, kama ngazi yenye vidato. Gitaa la chuma ni tofauti. Hulazwa, ama juu ya magoti, ama juu ya miguu yake lenyewe kama meza. Nyuzi zake ziko juu, mbali na shingo, wala hakuna kidole kinachozikandamiza. Kipande cha chuma peke yake huzigusa, nacho huteleza toka sauti moja mpaka nyingine bila kuruka. Basi halina vidato kama ngazi. Ni kama mteremko wa kilima. Ndiyo maana hulia kama koo la mtu, maana na sisi tunapoimba hatukati sauti vipande vipande, bali twaipandisha na kuishusha.

Gitaa kubwa la namna hii, lile lenye pedali, ni chombo cha ajabu. Mara nyingi lina nyuzi 10. Chini yake mna pedali 3 za mguu wa kushoto, na vipande 4 au 5 vya kusukumwa kwa magoti. Mguu wa kulia hukanyaga pedali nyingine ya kuongeza au kupunguza nguvu ya sauti. Mkono wa kulia huchuna nyuzi kwa kucha za kuvaa kwenye dole gumba na vidole viwili, na mkono wa kushoto huongoza chuma. Mpigaji hutumia mikono miwili, miguu miwili na magoti mawili, na juu ya hayo yote masikio yake, kwa kuwa chuma kikikosea unene wa ukucha tu, wimbo wote umeharibika.

LILITOKA WAPI?

Visiwa vya Hawaii viko katikati ya Bahari ya Pasifiki. Katika karne ya 19 wageni walipeleka magitaa huko: wachunga ng'ombe kutoka Mexico, na baadaye mabaharia na wafanya kazi wa mashamba. Wahawaii wakayapenda, wakaanza kulegeza nyuzi na kuzipanga upya ili zipatane na nyimbo zao.

Mwaka 1874 alizaliwa huko, katika kijiji cha Laie, mtoto jina lake Joseph Kekuku. Yasemekana kwamba alipokuwa mwanafunzi, yapata mwaka 1889, alikuwa akitembea na gitaa lake, akaokota kipande cha chuma njiani, na chuma hicho kikagusa nyuzi. Alipousikia mlio akashangaa. Tangu siku ile hakuacha kujaribu, kwanza kwa mgongo wa kisu, tena kwa chuma alichokichonga mwenyewe. Mwaka 1904 aliondoka kwao, akazunguka Marekani na baadaye Ulaya, akipiga na kufundisha, wala hakurudi kukaa tena Hawaii. Alifariki Marekani mwaka 1932.

Sasa tuone Wahawaii hao walianza na nyimbo gani. Hawakuanza na nyimbo ngumu za kuonyesha ufundi. Walianza na nyimbo walizoziimba nyumbani kwao, za polepole, zenye maneno ya kuagana na kukumbukana. Mmoja wa nyimbo hizo ni «Aloha ʻOe», uliotungwa na Liliʻuokalani karibu na mwaka 1878, naye baadaye akawa malkia wa mwisho wa nchi hiyo, akaondolewa katika kiti chake mwaka 1893. Wimbo huo uliingia katika vitabu vingi vya kufundishia gitaa la chuma. Watu wa Hawaii walipoteza ufalme wao, lakini mwanafunzi wa Chicago au wa London aliyetaka kujifunza chombo chao alilazimika kwanza kupita katika wimbo wa malkia wao. Tuliweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1915 palikuwa na maonyesho makubwa San Francisco, na huko maelfu ya watu walisikia muziki wa Hawaii kwa mara ya kwanza. Toka hapo mlio ukaenea kama moto wa kiangazi. Weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa na desturi yao wenyewe ya kutelezesha kisu au shingo ya chupa juu ya uzi, na wataalamu wa muziki wameandika kwamba watoto wa Afrika ya Kati nao wamekuwa na mchezo kama huo, uzi mmoja ukichunwa huku kitu kigumu kikiteleza juu yake. Mwaka 1923 Sylvester Weaver, mtu mweusi wa Louisville, alitia «Guitar Rag» katika santuri. Mwaka 1936 Leon McAuliffe, mzungu wa Texas, aliutoa tena kwa umeme kwa jina la «Steel Guitar Rag», ukawa wimbo ambao karibu kila mpigaji amejifunza.

PEDALI ZILIVYOINGIA

Gitaa la umeme la kwanza kupata soko lilikuwa la namna hii ya kulazwa. Lilianza kuuzwa mwaka 1932, nalo liliitwa «kikaango» kwa ajili ya umbo lake. Lakini chombo kilikuwa na upungufu mmoja. Chuma ni kimoja tena kimenyooka, basi nyuzi zote hupanda pamoja na kushuka pamoja. Mpigaji akitaka uzi mmoja upande na wengine ubaki, afanyeje? Mafundi wakatia pedali za kuvuta uzi mmoja mmoja.

Kwa miaka kadhaa pedali zilitumika kimyakimya, yaani mpigaji alizikanyaga kabla ya kuchuna. Halafu mwaka 1953 Bud Isaacs alipiga katika wimbo «Slowly» wa Webb Pierce, akakanyaga pedali wakati nyuzi zinalia. Watu wakasikia sauti moja ikipanda ndani ya nyingine, kama waimbaji wawili, mmoja akisimama na mwenzake akipanda. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1954, na wapigaji wengi walikimbilia kwa mafundi ili magitaa yao yatiwe pedali vilevile.

Watu wa kwaya wanaojua do-re-mi wataelewa upesi kazi ya pedali hizo. Nyuzi zimepangwa hivi kwamba chuma kikiwa mahali pamoja zinatoa do, mi, so. Pedali ya kwanza huinua so ikawa la. Pedali ya pili huinua mi ikawa fa. Ukizikanyaga zote mbili, basi do-mi-so imekuwa do-fa-la, na mkono haukusogea hata kidogo. Telezesha chuma vigawanyo viwili mbele bila kuondoa mguu, nawe umepata so-ti-re. Miungano hiyo mitatu, ya do, ya fa na ya so, yatosha kwa nyimbo nyingi sana za kanisa na za nyumbani.

KATIKA NYUMBA ZA SALA

Je, gitaa la dansi laweza kumsifu Mungu? Ndugu zetu wa madhehebu moja ya Kipentekoste ya watu weusi wa Marekani, iitwayo House of God, walijibu zamani. Katika miaka ya 1930 Troman Eason alijifunza kwa mwalimu Mhawaii huko Philadelphia. Mdogo wake, Willie Eason, aliyezaliwa mwaka 1921, alisikiliza masomo yale, lakini hakupiga kama Mhawaii. Alizifuatisha sauti za wazee na akina mama wa kanisa lao walivyoimba na kulia katika sala, hata gitaa likawa kama muumini mmoja zaidi katika benchi. Makanisa hayo yalikuwa hayana uwezo wa kununua kinanda kikubwa, basi gitaa la chuma likashika mahali pa kinanda. Baadaye wakachukua lile lenye pedali, na wajukuu wao wanalipiga katika ibada mpaka leo.

Twaona tena jambo lile lile. Troman alijifunza nyimbo za mwalimu. Willie alianza na nyimbo alizozisikia kinywani mwa watu wake. Ndiye aliyefuatwa na wengi.

MLIO WAFIKA KWETU

Hapa Afrika mlio huu ulikuja kwanza ndani ya gramafoni. Katika nyimbo za Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, mara nyingine husikika gitaa la Hawaii. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akikusanya muziki wa Afrika, alikuta huko vijana wakiimba juu ya mtu wa ajabu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, lilivyogeuzwa na ndimi zao. Lakini muziki waliompigia haukuwa wa santuri, bali wa nyuzi za kinubi chao cha asili. Walimpokea mgeni, wakamkalisha katika kiti cha nyumbani.

Mwaka 1952 Tracey huyohuyo alimkuta Mwenda Jean Bosco akipiga gitaa Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Mwenda alikuwa na gitaa la kawaida na vidole viwili tu vya mkono wa kulia, lakini «Masanga» yake ilisikilizwa Afrika na Ulaya, na hapa mashariki mwa Kongo wazazi wetu walijua Kiswahili cha nyimbo zake kama walivyojua salamu.

Huko Léopoldville, ambayo ni Kinshasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950 Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, aliitwa Mhawaii kwa ajili ya mlio wa gitaa lake. Baada yake akaja Nicolas Kasanda, mtu ambaye kila mpenda muziki wa Kongo anamjua kwa jina la Docteur Nico. Alizaliwa mwaka 1939 Mikalayi, penye misheni ya zamani ya Kasai. Alisoma ufundi, akapiga katika African Jazz ya Kabasele, na mwaka 1960 alikwenda pamoja nao Brussels wakati wa Mkutano wa Meza Duara. Baadaye, katika African Fiesta, alilitumia gitaa la Hawaii katika baadhi ya nyimbo zake, na likasikika kana kwamba limezaliwa kando ya Mto Kongo. Alifariki mwaka 1985.

Nigeria nayo ina mfano wake. Katika kundi la King Sunny Adé, Demola Adepoju alipiga gitaa la chuma, na santuri yao «Juju Music» ya mwaka 1982 ilizunguka dunia. Kiyoruba ni lugha ambayo sauti ya juu au ya chini hubadili maana ya neno, na ngoma zao husema. Chombo kinachoteleza kama koo kilipofika huko hakikuwa mgeni kwa muda mrefu.

Tena tusisahau nyimbo za Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, na za Don Williams, aliyekuja kuimba Harare mwaka 1997 na kufariki mwaka 2017. Nyimbo za huyu wa pili zimejaa gitaa lenye pedali. Wengi wetu tumezisikia redioni na katika mabasi, tukiwa hatujui mlio ule unatoka katika chombo gani.

KOSA LETU

Sasa tuwaeleze kwa nini hatukucheka siku ile mama mzee aliposema.

Mapadri Weupe walianza misheni ya Nyangezi, katika nchi ya Bushi, mwaka 1906. Wakati ule sheria ya muziki wa kanisa ilikuwa ile ya Baba Mtakatifu Pius X ya mwaka 1903, iliyokataza kanisani piano, ngoma, matoazi na vyombo vyenye kelele. Basi nyimbo za kwanza walizojifunza babu zetu misheni zilikuwa za Kilatini, na nyingine za Ulaya zilizotiwa maneno ya Kiswahili au Mashi. Hatuwalaumu waliotufundisha, walitupa walichokuwa nacho, na kwa nyimbo zile watu wengi waliomba vizuri. Lakini Mashi nayo ni lugha ya sauti za juu na za chini. Neno likilazimishwa kupanda pale linapotaka kushuka, laweza kupotea au kuwa neno jingine. Wazee waliimba wakivumilia.

Kumbe kwetu palikuwa na chombo chenye nyuzi tangu zamani: lulanga. Ni ubao uliochimbwa kama sinia refu, na uzi mrefu hupitishwa huku na huku juu yake. Mpigaji hukaa chini, huchuna kwa vidole, na huimba kwa sauti ya chini habari za wafalme, za watu wema na za watu wabaya. Mtaalamu wa Kimarekani, Alan Merriam, alikuja huku mwaka 1951 na 1952, akasikiliza Bashi, na mwaka 1955 akachapisha maandiko juu ya vyombo vyao. Wakati huo mji wetu ulikuwa ukiacha jina la Costermansville na kurudia jina la Bukavu.

Kanisa lenyewe lilifungua mlango. Mwaka 1958 Padri Guido Haazen na waimbaji wake wa Kamina walitoa «Missa Luba». Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba vyombo vingine zaidi ya kinanda vyaweza kuingia, mradi vinafaa kwa ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Mlango ulikuwa wazi. Je, sisi tuliingia?

Miaka mingi iliyopita tulikuwa miongoni mwa viongozi wa kwaya moja. Ilikuwa siku ya sikukuu. Mzee mmoja alishuka kutoka mlimani na lulanga yake, akaomba apige wimbo mmoja wakati wa kupeleka vipaji. Tulimwambia: «Mzee, subiri nje, utapiga baada ya Misa, watu watacheza.» Alisubiri. Baada ya Misa mvua ilinyesha, watu wakatawanyika, wala hakuna aliyemkumbuka. Alikwenda zake. Hatukumtafuta. Mwaka uliofuata tulisikia amefariki, na lulanga yake ilibaki ikining'inia ukutani mpaka mchwa wakaila.

Yule mama aliyesema siku ile nje ya kanisa alikuwa mjane wake.

SHAURI LETU

Basi, ninyi vijana mnaojifunza, wimbo wa kwanza uwe na mambo manne.

La kwanza, uwe wimbo unaoujua kinywani. Gitaa la chuma halina vidato vya kukuambia umefika. Sikio lako peke yake ndilo askari wa zamu. Sikio haliwezi kulinda nyumba lisiyoijua. Uimbe kwanza bila gitaa. Ukiweza kuuimba bila kosa, utajua mara moja chuma kikipotea.

La pili, uwe wa polepole. Nyimbo za haraka huficha makosa, na mwenye kuficha makosa hayaponyi. Nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za maziko, zaburi za jioni, hizo ni walimu wema.

La tatu, uwe na miungano michache: do, fa na so. Kwa kijana asiye na pedali, hapa ndipo umaskini unapogeuka kuwa mwalimu. Chukua gitaa la nyuzi sita. Inua nyuzi juu kwa kipande kidogo cha mti au chuma pale mwanzo wa shingo. Legeza uzi wa kwanza, wa tano na wa sita, kila mmoja toni moja. Sasa toka uzi mnene mpaka mwembamba zinasema: so, do, so, do, mi, so. Bila chuma una mwungano wa do. Weka chuma katika kigawanyo cha 5, ni fa. Katika cha 7, ni so. Katika cha 12, ni do ya juu. Weka chuma juu kabisa ya mstari wa kigawanyo, si katikati ya mistari kama ufanyavyo kwa kidole. Haya yatosha kwa mwaka mzima wa kazi.

Vijana wengi hutaka kuanza na «Sleep Walk» ya ndugu wawili Santo na Johnny, iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1959. Ni wimbo mzuri, na kila mtu huutamani. Lakini ndani yake mna la-do-mi, tena mna fa yenye huzuni, na chuma kilichonyooka hakizipati hizo kwa urahisi katika nyuzi zilizopangwa do-mi-so. Mwanafunzi huchoka, hulaumu gitaa, na gitaa hurudi kutundikwa. Uacheni kwa mwaka wa pili.

La nne, nalo ndilo kubwa, uwe wimbo wa kwenu. Wengine watatuuliza: mbona Docteur Nico na Adepoju walichukua mlio wa wageni? Ni kweli, walichukua mlio, lakini wimbo ulikuwa wa nyumbani. Mkono hujifunza mara ya kwanza mara moja tu. Ukiufundisha kwanza nyimbo za mbali, utapiga nyimbo za mbali vizuri, na ukirudi kwenu utapiga za kwenu kwa lafudhi ya mgeni. Samaki mkunje angali mbichi. Isitoshe, wimbo wa santuri hautapotea usipoupiga wewe. Uko salama katika maelfu ya nyumba. Wimbo wa bibi yako uko katika kifua kimoja tu, na kifua hicho kinakohoa.

Na mwalimu wa kwaya aliyetaka wimbo wa kanisa, je, alikosea? Hapana. Wimbo wa kanisa ambao mtoto ameuimba tangu komunyo ya kwanza umekwisha kuwa wa kwao. Aupige. Ila katika kanisa, chombo hiki kina kishawishi kimoja. Mlio wake ni mtamu, na utamu hupenda kusikilizwa wenyewe. Kiongoze watu kuimba, kisha kinyamaze. Kikianza kuimba peke yake huku watu wakikitazama mpigaji, hapo kimetoka katika kazi yake.

MWISHO WA HABARI

Kijana wa Kadutu hakujibu neno siku ile. Lakini Dominika iliyofuata alipanda mlimani kwa yule mama, akakaa kizingitini na gitaa juu ya magoti. Mama aliimba wimbo mmoja wa mume wake, mfupi, wa mistari michache. Kijana akauliza tena, akaimba naye, akaimba tena peke yake. Jua lilipokaribia kutua ndipo alipoweka chuma juu ya nyuzi. Alikosea mara nyingi. Pale aliposhuka mapema mno mama alisema: «Hapana, neno hilo hupanda, ukishuka hivyo umesema kitu kingine.» Chuma kikapanda. Mama akanyamaza, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akasema: «Hapo ndipo.»

Sisi tulikuwako. Tulikwenda kumwomba msamaha mama yule kwa ajili ya siku ya mvua, naye alituambia tukae, tusikilize. Nyimbo nyingine za mzee hazijulikani tena, na hilo halirekebishiki. Lakini mmoja umerudi.

Basi, wasomaji wapenzi, kila mmoja atazame nyumbani kwake. Kama yuko mzee anayejua wimbo, kijana aende kwake juma hili, mwenye gitaa na asiye na gitaa. Asiyeweza kupiga aandike maneno. Asiyeweza kuandika aimbe pamoja naye. Tusiwaambie tena wasubiri nje.